Mwaka Niliofuga Kuvu Mururu

Kwenye matanga ya Maman Furaha, kule Mururu, walinikalisha mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki kilichofutwa kwa kitenge kabla sijakikalia. Msemaji wa familia akanitambulisha kuwa "profesa wetu, yule wa kuvu", na watu wakanyoosha shingo kunitazama kana kwamba ningetoa kuvu mfukoni. Nikaombwa niseme neno. Nimezungumza mbele ya mabingwa wa nchi nyingi kuhusu kuvu na dawa zinazotoka ndani yake, na sijawahi kutetemeka. Wakinibishia nami nawabishia. Siku ile nilisimama, nikasema marehemu alikuwa mkarimu na sombe yake ya majani ya mihogo haikuwa na mfano, nikakaa. Uso uliniwaka. Furaha, binti yake, ambaye mwaka ninaousimulia alikuwa bado ananyonya na sasa ni muuguzi mwenye watoto wake, aliniinamia sikioni. "Tantine, ile ya labo haukuisema." Nikamwambia sauti imenikauka. Haikuwa imekauka. Niliona haya, haya ileile ya zamani, ambayo nilidhani uzee ungeipunguza makali. Haukuipunguza, ndiyo maana naandika nilichoshindwa kusema.

Ulikuwa mwaka wa vita ya pili ya Kongo. Asubuhi nyingi tulisikia mizinga upande wa Bukavu, na watu wa Mururu waliisikiliza huku wakipalilia, wakibishana ni mtaa gani unaopigwa. Mimi nilikuwa nimevuka daraja la Rusizi kuingia Rwanda, na begi moja na diploma ya biolojia, nikapata kazi kwa Docteur Anaclet, aliyekuwa na maabara ya chumba kimoja mjini Kamembe, nyuma ya ghala la mbegu. Nikisema maabara msifikirie vioo vinavyong'aa. Vyombo tulivichemsha katika sufuria ya presha juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Sanduku la kukuzia vimelea lilikuwa kabati la mbao lenye taa ya chemli chini yake, na vijiduara vya karatasi vya majaribio tulivikata kwa kile chombo cha ofisini cha kutobolea karatasi. Docteur alikuwa mtu mwembamba mwenye koti jeupe la viraka, mzaliwa wa Bukavu kama mimi. Wageni aliwasemesha Kifaransa, mimi alinisemesha Kiswahili cha kwetu. Alichokitaka maishani kilikuwa kimoja: apate, katika kuvu za nyumbani, zile zinazoota kwenye mtama na mihogo na majani ya migomba yaliyooza, moja tu inayotoa dawa ya kuua bakteria wa kuhara. "Kuvu na bakteria beko na vita yabo," aliniambia siku ya kwanza. "Siye tunatafuta silaha tu." Kuhara kulikuwa kumezika watoto wengi katika miaka ile ya kambi na kukimbia, kwa hiyo hakuna aliyemcheka.

Nilipanga chumba cha nyuma kwa Maman Furaha. Naye alikuwa Mnyarwanda wa Kongo, amerudi baada ya mauaji ya kimbari kukoma, mjane mwenye mtoto mmoja mgongoni. Chumba changu kilikuwa na kuta za tofali mbichi na dari ya shitingi, turubai la plastiki, iliyopigapiga upepo ukivuma kutoka ziwani. Kati yangu na jiko lake palikuwa na ukuta wa matete yaliyokandikwa udongo, mwembamba kiasi kwamba nilijua akichambua maharage au akichambua mchele. Tulikula pamoja, bugali ya mihogo na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zilizokaangwa na nyanya, na Jumapili baada ya kanisa sombe iliyotwangwa laini mpaka mtu anasahau kuwa ni majani. Na kila siku palikuwa na musururu, kinywaji cha mtama ulioota, kizito kidogo, kisicholewesha mtu mzima. Aliuuza kando ya njia ya kushuka darajani, kwa wapagazi wanaovusha mizigo. Musururu wa wanawake wengine ulichacha siku ya pili ukamkunja mtu uso. Wa Maman Furaha ulibaki mtamu, na watu waliacha wa karibu wakaufuata wake. Mimi niliuchukulia kuwa ni ufundi wa mkono.

Kabla ya kumpa mtu kikombe aliuonja mwenyewe, mbele ya macho yake, akameza kwa sauti ili isikike. "Ona, miye nakunywa ya kwanza," alisema, hata kwangu, hata baada ya miezi. Kuonja kwanza ni desturi ya huku, lakini miaka ile haikuwa desturi tu. Watu walikuwa wamerudi kutoka pande zote, waliokimbia na waliokimbiwa wakakaa ua kwa ua, na kila aliyekufa kwa tumbo ilisemekana amelishwa kitu. Neno lilikuwa murozi, yaani mtu anayetia sumu katika chakula cha wenzake, na neno hilo likishakugusa halikutoki. Mlima wa pili kutoka kwetu mjane mmoja alibomolewa nyumba kwa sababu mgeni alitapika baada ya kunywa kwake. Kwa hiyo lilikuwepo swali moja ambalo mtu mwenye adabu hakumuuliza kamwe mwenye kikombe: umetia nini humu? Nami nilikuwa na adabu nyingi sana.

Katikati ya mwaka njia zilifungwa, na ule unga wa kulishia kuvu, uliokuwa ukitoka ng'ambo, ukatuishia. Docteur akasema tutumie kilichopo. Kilichopo kilikuwa musururu wa Maman Furaha. Niliuchuja, nikauchemsha katika chupa, kisha nikapanda ndani yake kuvu ya kijivu niliyoikwangua kwenye mtama wake ulioota, ile punje moja mbaya aliyokuwa anataka kuitupa. Iliota vizuri ajabu. Chupa zangu zote zilikuwa safi, hakuna bakteria aliyeingia kuzichafua, na mimi nilijisifu moyoni kuwa nina mikono misafi kuliko mtu yeyote aliyepita katika maabara ile. Kisha nikachukua sahani zilizopakwa bakteria wa kuhara kutoka zahanati, nikaweka juu yake vijiduara vya karatasi, vingine vimelowekwa maji ya kuvu yangu, kimoja kimelowekwa maji matupu. Asubuhi nilifungua kabati. Kila kijiduara cha kuvu kilikuwa kimezungukwa na duara safi, angavu, ambamo hakuna bakteria aliyeota. Kile cha maji matupu hakikuwa na kitu. Nilimwita Docteur kwa sauti iliyomfanya hata mlinzi wa ghala aje mbio akidhani kuna nyoka.

Mwanafunzi wangu yeyote wa leo ameshaona kosa, na huwa wananidhihaki nyuma ya mgongo kwa sababu ya jinsi ninavyolipigia kelele. Kijiduara cha kulinganisha hakikupaswa kulowekwa maji. Kilipaswa kulowekwa musururu wenyewe, usiopandwa kuvu, ili tujue kinachoua ni kuvu au ni kinywaji. Mimi nilijua hivyo, na Docteur alijua zaidi yangu. Lakini kuuweka musururu wa Maman Furaha peke yake juu ya sahani, kisha kuinama kuutazama kama una kitu kinachoua, kwetu sisi wawili hilo halikuwa jaribio. Lilikuwa shtaka. Nilimtazama Docteur, Docteur akatazama dirishani. "Maji inatosha," akasema. Nilishukuru kwamba amelisema yeye, nikaandaa sahani nyingine.

Habari zilifika Mururu kabla yangu. Jioni nilikuwa nimelala chali kitandani nikamsikia Maman Furaha nyuma ya ukuta akizungumza na jirani yake, Maman Zawadi. "Huyu mademoiselle anafuga buvundo," alisema, kwa fahari kabisa. "Lakini ni buvundo ya masomo." Jirani akauliza kama buvundo ile itamfikisha popote. "Banamuitia profesa wa Butare! Atapata bourse, ataenda université. Na unajua inakula nini, ile buvundo? Inakula musururu yangu." Walicheka mpaka mtoto akaamka. Kuanzia siku ile aliwaambia wapagazi wote kwamba musururu wake uko labo, unasoma. Nilijifunika blanketi usoni nikicheka nami, na naikumbuka jioni ile kuwa ya mwisho ambayo nilijipenda bila kujiuliza maswali.

Profesa wa chuo kikuu cha Butare alikuja, mwanamke mwenye miwani mizito, aliyekulia Ubelgiji na asiyejua Kiswahili hata cha sokoni. Alitazama sahani zangu kwa muda mrefu. Alisifu duara. Halafu akauliza, kwa sauti ya upole, kama anayeomba chumvi mezani: na kinywaji chenyewe, bila kuvu, kimetoa nini? Nikamwambia hatukukijaribu. Akauliza kwa nini. Nilimtazama Docteur, naye safari hii hakuwa na dirisha la kutazama. Ningemweleza nini mtu yule, kwa Kifaransa? Kwamba tuliona vibaya? Profesa hakungoja. Alichukua chupa ya musururu niliyokuwa nimeiandaa kwa kazi ya wiki ile, bado haijapandwa kitu, akaloweka kijiduara kwa mkono wake mwenyewe, akakiweka kwenye sahani mpya, akaenda kulala hotelini. Asubuhi kabati likafunguliwa mbele yetu sote. Kijiduara cha musururu mtupu kilikuwa na duara kubwa kuliko la kuvu yangu. Mlinzi wa ghala alikuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake. "Kumbe musururu njo inaua?" aliuliza chini chini. Profesa alivua miwani akaniambia anataka kujua kabla ya kuondoka mchana kilichomo katika kinywaji kile.

Nilishuka Mururu nusu nikitembea, nusu nikikimbia. Maman Furaha alikuwa njiani kwa wateja wake, ningeweza kumfuata; kilima kile kina mteremko mmoja tu. Sikumfuata. Niliingia jikoni kwake, mahali nilipokula sambaza miezi yote ile, nikapekua. Nilisogeza kapu la mihogo, nikapapasa nyuma ya mtungi, nikapata kopo la maziwa ya unga. Ndani yake hamkuwa na maziwa. Vilikuwemo vidonge vya rangi mbili, vile vya tetracycline ambavyo miaka ile viliuzwa sokoni kando ya karanga, vingine vizima, vingine maganda matupu, nyekundu huku na njano huku. Nilielewa yote kwa mara moja. Musururu wake haukuchacha kwa sababu bakteria wa kuuchachisha walikuwa wanakufa humo. Kuvu yangu iliota safi kwa kuwa dawa ile haiigusi kuvu, inawaondoa bakteria tu, na moto wa sufuria yetu uliipunguza nguvu bila kuimaliza. Mikono yangu haikuwa misafi kuliko ya mtu yeyote. Nilirudisha kopo na kuondoka haraka, nikipita njia ya nyuma asinione, kama mwizi.

Njiani kurudi Kamembe sikuiwazia bourse, ile nafasi ya masomo, au niliiwazia kidogo tu. Niliwaza nyumba iliyobomolewa mlima wa pili. Nikisema mbele ya mlinzi wa ghala kwamba Maman Furaha anatia vidonge katika kinywaji cha watu, kabla jua halijatua njia yote ya darajani itakuwa imesikia, na hakuna atakayengoja kuelezwa ni vidonge gani. Mwanamke anayetia kitu kwa siri katika kikombe, huku kwetu ana jina moja tu. Basi nilisimama mbele ya Profesa nikasema ni mimi. Nikasema nilikuwa na tetracycline mezani, ya majaribio mengine, nikaimwaga kwenye ndoo niliyochujia musururu, nikaona haya kusema. Haya nilikuwa nayo kweli, kwa hiyo uongo ulinitoka vizuri. Profesa alifunga begi lake. Alisema makosa husamehewa lakini mzembe hafundishiki, na kwamba nafasi ya masomo atampa mtu anayejua kuosha ndoo. Docteur alikuwa mwekundu masikioni. Alijua sikuwa na tetracycline yoyote. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati la dawa.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya fedheha tupu. Mlinzi alieneza kisa mpaka darajani, na wapagazi wakanipa jina, Mademoiselle Ndoo. Niliinamisha kichwa kila nilipopita. Maman Furaha hakuniuliza lolote, alinipakulia chakula kama kawaida, ila alikuwa kimya, na ukimya ule niliuchukulia kuwa anaona aibu kwa ajili yangu. Halafu siku ya kugawa mbegu, ghala limejaa wakulima kutoka Nzahaha na Nyakarenzo, alitokea maabara. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, mtoto mgongoni, mtungi kichwani na lile kopo mkononi. Alipita katikati ya watu, akatua mtungi juu ya meza yetu ya majaribio, akafunua kopo mbele ya Docteur.

"Docteur, dawa ni ya mimi," alisema, na hakupunguza sauti. "Huyu mutoto amesema bongo, amewadanganya. Hakumwaga kitu. Miye natiyaka dawa ndani ya musururu, ikishapoa." Watu walianza kujaa mlangoni. Aliwageukia. "Mutoto wangu wa kwanza alikufa njiani wakati tulikimbia, juu ya kuhara. Infirmier wa zahanati aliniambia kama nilikuwa na hii ya rangi mbili, angepona. Sikukuwa nayo. Sasa niko nayo, njo natiya. Nakunywa ya kwanza miye, na huyu ananyonya kwangu. Mwenye anataka kuniita murozi, aniite hapa, niko namusikia." Hakuna aliyemwita. Docteur alimvutia kiti, akamweleza kwa heshima, kama angemweleza mama yake, kwamba dawa ikinywewa kidogo kidogo hivyo bakteria huizoea, na siku mtoto akiugua kweli haitamsaidia. Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi sitatiya tena," akasema, akajitwika mtungi wake. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na sahani mkononi, na hakunitazama.

Jioni ile Docteur alimpigia simu Profesa akamwambia ukweli wote, na ukweli wake mwenyewe pia, ule wa maji yanatosha. Nafasi yangu ikarudishwa. Nimeishi juu ya nafasi ile maisha yangu yote: Butare, kisha ng'ambo, kisha miaka mingi ya kuinamia kuvu za magome na udongo wa msitu wa Nyungwe, na molekuli kadhaa ambazo naamini zitawafaa watu siku moja. Maman Furaha hakubomolewa nyumba. Nadhani ni kwa sababu alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, mchana. Lakini akina mama waliwavuta watoto wao mkono alipopita, na wapagazi wakapata ghafla wanawake wengine wenye musururu, hata ulipochacha. Akaacha kuuza. Akaanza kuvusha magunia ya unga darajani kwa mgongo uleule uliobeba mtoto, na mtoto akabaki kwa Maman Zawadi. Nilikula kwake mpaka siku ya kuondoka, sambaza zilezile.

Siku ya safari alilibeba begi langu mwenyewe hadi Kamembe, nikibishana naye kilima kizima. Basi la Butare lilikuwa limewashwa, watu wanasukumana mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi na maneno yote niliyoyapanga yakapotea, nikabaki na moja. "Maman," nilisema, "nilisema bongo ili kukulinda."

"Kunilinda na nini?"

Nilinyoosha mkono nilipokee begi. Akaliweka begi chini lakini hakuliachia.

"Uliingia mu jikoni yangu," alisema. "Kopo haikukuwa mahali niliiwekaka. Nikajua ni weye. Nikangoja uniulize. Ile jioni nikangoja, na kesho yake." Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo. "Miezi yote unakula kwangu, unakunywa kwangu, unapeleka musururu yangu mu labo. Kama uliniuliza, ningekuambia siku ya kwanza. Natiya dawa juu ya mutoto wangu. Ni kitu ya kuficha, ile? Lakini weye ulinyamaza, juu ulikuwa unawaza jibu itakuwa mbaya. Sawa vile bale bengine banawaza."

Dereva alipiga honi. Alikuwa bado ameshika begi, ananitazama usoni, na nilielewa kwamba anangoja niyakatae maneno yake. Alingoja kwa kweli, huku watu wakitupita, muda wa kutosha kabisa. Sikuweza kukataa, kwa sababu ilikuwa kweli.